Kampuni ya Mombasa yenye mwenyehisa wa kigeni: umiliki, ardhi na kodi hatua kwa hatua

Mombasa swali hili huulizwa sana ndani ya familia moja: kaka yuko Kisauni, dada ana pasipoti ya Uingereza, mjomba amezaliwa Tanga na ni Mtanzania, na wote wanataka kufungua kampuni. Je, asiyekuwa Mkenya anaruhusiwa kumiliki hisa? Anaruhusiwa, hata zote. Sheria ya Kampuni ya 2015 haidai mwenyehisa Mkenya katika kampuni binafsi, na mtu mmoja anatosha kuwa mwenyehisa na mkurugenzi kwa wakati mmoja. Ile asilimia 30 ya Wakenya ambayo bado inatajwa vijiweni ilihusu kampuni za nje zinazosajiliwa hapa, na kifungu chake kilishafutwa.

Kwa hiyo hisa si tatizo. Tatizo ni kwamba watu hutumia kipimo kimoja kwa mambo matatu. Ardhi hutazama uraia. Kodi hutazama mahali mtu anapoishi. Leseni za baadhi ya biashara hutazama nani ana hisa ngapi. Mtu mmoja anaweza kuwa mgeni mbele ya msajili wa ardhi na mwenyeji mbele ya KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya), mwaka huohuo. Ukishika hilo, sehemu kubwa ya mwongozo huu itajieleza yenyewe.

1. Kabla ya kulipa chochote, andika orodha ya wenyehisa

Kwa kila mmoja andika mambo manne: pasipoti alizo nazo, siku alizokaa Kenya mwaka huu na miaka miwili iliyopita, hisa atakazochukua, na pesa zake zitaingia kama nini (mtaji wa hisa au mkopo).

Uraia kwanza. Tangu Katiba ya 2010, Mkenya anaweza kuwa na uraia wa nchi mbili. Aliyezaliwa Mkenya akapoteza uraia kwa kuchukua wa nje anaweza kuomba arudishiwe chini ya Ibara ya 14. Kama ndugu yenu yuko hivyo na kampuni itashika ardhi, aombe kwanza na barua itoke kabla jina lake halijaingia kwenye hisa. Kurekebisha baadaye ni kazi mara mbili.

Siku za kukaa ndizo zinazoamua kodi ya mtu binafsi. Mwenye makao ya kudumu Kenya ni mkaazi akikanyaga nchini hata siku moja ya mwaka huo. Asiye na makao ya kudumu huwa mkaazi akikaa siku 183 au zaidi katika mwaka, au akifika mwaka huo na wastani wake kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia ukazidi siku 122 kwa mwaka. Mwitaliano anayeishi Nyali mwaka mzima ni mkaazi wa kodi. Mkenya aliyehamia Doha, akauza nyumba yake na haji, si mkaazi. Weka nakala za kurasa za pasipoti zenye mihuri, maana ndizo ushahidi.

Kampuni nayo ni mkaazi ikiwa imesajiliwa chini ya sheria za Kenya, au ikiwa uongozi na maamuzi yake yanafanyika Kenya. Hisa zote zikiwa za wageni, kampuni iliyosajiliwa hapa bado ni mkaazi.

Kuhusu leseni, angalia sekta yako. Kampuni ya bima inatakiwa angalau theluthi moja ya umiliki iwe ya raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kampuni ya ulinzi inatakiwa angalau asilimia 25 ishikwe na Wakenya. Duka, hoteli, programu za kompyuta au biashara ya samaki wa barafu hazina sharti la aina hiyo kwenye hisa.

2. Ardhi: maliza hili kabla ya kusajili

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea Pwani, kwa hiyo soma pole pole.

Ibara ya 65 ya Katiba inasema asiye raia anaweza kushika ardhi kwa lisi tu (ukodishaji wa muda maalumu), isiyozidi miaka 99. Kampuni inahesabiwa kuwa raia pale tu ambapo hisa zake zote, bila kubaki hata moja, ni za raia. Hisa moja kati ya elfu ikiwa ya mgeni, kampuni nzima ni mgeni. Mkataba wenu ukiandika friholdi (umiliki usio na kikomo cha muda), sheria itausoma kama lisi ya miaka 99 na si zaidi.

Sasa fikiria kampuni ya familia inayomiliki ploti ya friholdi. Wanataka kumpa dada mwenye pasipoti ya nje asilimia 10 kwa sababu ametuma pesa za ujenzi. Siku hisa hizo zinapoandikishwa, kampuni imetoka kwenye uraia na haki yake juu ya ploti imebadilika. Hakuna atakayewapigia simu. Mtagundua mnapotaka kukopa au kuuza, wakili wa upande wa pili atakapoomba orodha ya wenyehisa.

Njia safi ni kutenganisha. Kampuni moja ya raia watupu ibaki na ardhi, na kampuni ya pili yenye mgeni ifanye biashara na kukodi jengo kwa bei ya soko. Andikeni mkataba wa kukodi wa kweli, kodi ya pango ilipwe benki kila mwezi, na kila kampuni iwe na vitabu vyake. Pango la kubahatisha kati ya kampuni mbili za familia moja, ambapo upande mmoja una mwenyehisa wa nje, ni jambo ambalo KRA ina mamlaka ya kulikadiria upya.

Ufukweni kuna kizuizi kingine. Kifungu cha 12A cha Sheria ya Ardhi, kilichoingizwa 2016, kinaziita ploti za mstari wa kwanza na wa pili kutoka alama ya maji makuu ya Bahari Hindi kuwa ardhi inayodhibitiwa. Asiye raia, na kampuni yenye mwenyehisa asiye raia, hawezi kuingia katika muamala wa ardhi hiyo bila idhini ya maandishi ya Waziri iliyotolewa kabla. Nyali, Bamburi, Shanzu na Diani zote zina ploti za aina hiyo. Usilipe amana kwa ahadi kwamba idhini itakuja. Kama lazima mlipe, pesa zikae kwa wakili kwa sharti la kurudi idhini ikikosekana.

Ukitoka nje ya mji kuelekea mashamba ya Kwale au Kilifi, unakutana na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi. Bodi ya ardhi inalazimika kukataa uuzaji wa ardhi ya kilimo kwa mtu asiye raia au kwa kampuni binafsi ambayo si wanachama wake wote ni raia wa Kenya. Muamala bila idhini ya bodi ni batili, na mnunuzi hubaki kudai pesa zake kama deni la kawaida.

Na nyumba bila ardhi, ile desturi yetu ya Mombasa ya mtu kumiliki nyumba juu ya kiwanja cha mwingine na kulipa kodi ya kiwanja? Kampuni yenye mgeni ikinunua nyumba ya namna hiyo inapata jengo. Haipati hatimiliki ya ardhi, na bei lazima iakisi hilo.

Usitumie jina la kuazima. Mgeni anaweka ploti au hisa kwa jina la rafiki, mchumba au dereva, na pembeni kuna karatasi inayosema mali ni yake. Ibara hiyo ya 65 inasema mali iliyo chini ya dhamana ni ya raia pale tu ambapo wanufaika wote ni raia. Kwa hiyo karatasi yenyewe ya siri, ikitolewa mahakamani, ndiyo inayothibitisha kuwa mpango ulikuwa wa kukwepa Katiba. Na isipotolewa, mwenye jina ndiye mwenye mali. Vyovyote iwavyo mgeni anapoteza, na Mkenya aliyeazimisha jina anabaki na madeni ya kodi yaliyoandikwa kwake.

3. Kusajili

Usajili unafanyika eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye ukurasa wa huduma ya usajili wa biashara, BRS. Asiyezoea kompyuta anaweza kusaidiwa Huduma Center. Andaa:

- majina matatu ya kampuni kwa mpangilio wa unavyoyapenda; jina likikubaliwa huhifadhiwa siku 30;
- nakala ya kitambulisho cha Mkenya, au kitambulisho cha mgeni, au pasipoti ya asiyeishi hapa;
- picha ya pasipoti na PIN ya KRA (namba ya mlipakodi) ya kila mkurugenzi na mwenyehisa;
- anwani ya ofisi: jengo, barabara, sanduku la posta;
- mgawanyo wa hisa.

Kwa mgawanyo, mtaji wa shilingi 100,000 uliokatwa hisa 1,000 za shilingi 100 hurahisisha hesabu: asilimia 15 ni hisa 150. Usiandike mtaji wa mamilioni kwa ajili ya heshima. Mtaji uliolipwa ukifika shilingi milioni 5, kampuni binafsi inalazimika kuwa na katibu wa kampuni mwenye cheti.

Mfumo utakutolea fomu CR1, CR2, CR8 na fomu ya umiliki halisi, BOF1. Zichapishe, kila mtu atie sahihi kwa kalamu, zipige skani na uzirudishe. Maombi mengi hurudishwa kwa makosa madogo: jina limeandikwa tofauti na pasipoti (majina yenye “bin” na “bint” huleta tabu hii kila mara), au sahihi kwenye fomu hailingani na iliyo kwenye kitambulisho. Nakili jina herufi kwa herufi kutoka pasipoti, hata kama hapa mtaani anaitwa vingine.

PIN ya mgeni asiyeishi Kenya ndiyo inayochelewesha watu. Ianze mapema, wiki kadhaa kabla.

BOF1 inataka kila mtu wa kweli, mwenye mwili na roho, anayeshika au kudhibiti angalau asilimia 10 ya hisa au kura, hata kama amepita kwenye kampuni nyingine ya nje. Kuificha habari hiyo ni kosa lenye faini ya hadi shilingi 500,000. Ikibadilika, irekebishe.

Hati ya usajili ikitoka, omba CR12, ile orodha rasmi ya wakurugenzi na wenyehisa. Benki itaitaka ikiwa mpya. Kisha leseni ya biashara ya Kaunti ya Mombasa, kwa eneo na aina ya kazi mliyoandika.

Kumiliki hisa hakumpi mgeni ruhusa ya kufanya kazi Kenya. Mwekezaji anayetaka kuendesha biashara mwenyewe huomba kibali cha daraja G, na mtaji unaotakiwa ni angalau dola 100,000 za Marekani. Kiasi hichohicho ndicho cha cheti cha uwekezaji cha KenInvest, mamlaka ya uwekezaji, kwa mwekezaji wa nje. Mwenyehisa anayekaa kwao na kupokea gawio tu hahitaji kibali.

4. Pesa ziingie kwa jina gani

Pesa za mgeni zipite benki, na kwenye maelezo ya muamala iandikwe “mtaji wa hisa” au “mkopo wa mwenyehisa”. Hifadhi karatasi ya benki. Siku anapotaka kuzitoa, hiyo ndiyo itakayotenganisha mtaji unaorudi na mapato yanayotozwa kodi.

Familia nyingi husema: tuandike mkopo usio na riba, ni pesa za ndugu. Nia ni njema, lakini kodi iko palepale. Kampuni inayodhibitiwa na mtu asiye mkaazi, peke yake au pamoja na watu wasiozidi wanne, ikipokea kwake mkopo bila riba, sheria inadhania riba ipo. KRA hutangaza kiwango kila robo mwaka, na asilimia 15 ya riba hiyo ya kudhania hulipwa kama kodi ya zuio, yaani kodi ambayo mlipaji huikata na kuipeleka KRA. Chukua mkopo wa shilingi milioni 20 na tuseme kiwango ni asilimia 8: riba ya kudhania ni 1,600,000 kwa mwaka, na kodi ni 240,000, ingawa hakuna senti ya riba iliyomfikia mtu. Kama pesa hazitarudi karibuni, ni afadhali ziwe hisa.

Mkikubaliana riba ya kweli, zuio ni asilimia 15, na riba inayozidi asilimia 30 ya faida kabla ya riba, kodi na uchakavu haikatwi kwenye hesabu ya kodi ya mwaka huo.

5. Kodi ya kampuni ndani ya mwaka

Kampuni mkaazi hulipa asilimia 30 ya faida, awe mwenyehisa ni wa Likoni au wa Leeds. Kwa kampuni inayofunga mwaka Disemba:

- awamu nne za kodi: tarehe 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Disemba, robo kila moja;
- salio la mwaka uliopita: kabla ya Aprili kuisha;
- ritani ya mwaka: kabla ya tarehe 30 Juni kupita;
- PAYE (kodi ya mshahara) ya wafanyakazi: tarehe 9 ya mwezi unaofuata, pamoja na michango ya NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75 inayokatwa kwa mfanyakazi, na ada ya nyumba asilimia 1.5 kwake na 1.5 kwa mwajiri;
- VAT (kodi ya ongezeko la thamani), asilimia 16, ikiwa mauzo yanayotozwa yamefika milioni 5 kwa mwaka: tarehe 20.

Awamu huhesabiwa kwa makadirio ya mwaka huu au kwa asilimia 110 ya kodi ya mwaka jana.

Kosa la kawaida la kampuni changa ni kunyamaza kwa sababu haijaanza kuuza. Ritani ya sufuri ni lazima. Adhabu ya kuchelewa ni asilimia 5 ya kodi au shilingi 20,000, ile iliyo kubwa, na huja kila mwaka. Kodi iliyochelewa yenyewe huongezwa asilimia 5, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi.

Tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki), ukiacha yale machache yaliyosamehewa, hayakatwi kwenye faida. Fundi, mwenye lori, muuza mchanga, wote waambie mapema. Milioni moja ya matumizi bila eTIMS ni laki tatu za kodi ya ziada.

6. Kutoa pesa kwa mwenyehisa

Gawio kwa mkaazi hukatwa asilimia 5. Kwa asiye mkaazi, asilimia 15. Kwa raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, hata asiye mkaazi, asilimia 5; hapa uraia nao unahesabika. Kampuni ya Kenya inayoshika angalau asilimia 12.5 ya kura katika kampuni nyingine haikatwi kwa gawio hilo.

Faida ikiwa milioni 10, kodi ya kampuni ni milioni 3, yabaki milioni 7. Yote yakienda kwa mwenyehisa aliye Leeds, zuio ni 1,050,000 naye anapokea 5,950,000. Yakienda kwa mjomba Mtanzania, zuio ni 350,000 naye anapokea 6,650,000. Mwingereza anayeishi Nyali na kuhesabika mkaazi anakatwa kama mjomba.

Gawio litoke kwenye faida iliyokwisha kutozwa kodi. Likitoka kwenye faida ambayo haikutozwa, kampuni inalipishwa asilimia 30 juu ya hiyo.

Kuna wanaokwepa gawio kwa kumlipa mwenyehisa wa nje “ada ya usimamizi”. Zuio la ada hiyo kwa asiye mkaazi ni asilimia 20 ya jumla, na kampuni inaweza kudaiwa VAT ya huduma iliyoagizwa nje. Tena KRA itauliza: kazi ipi, siku zipi, na mtu asiye ndugu angelipwa kiasi gani? Bila mkataba na ushahidi wa kazi, usiilipe.

Kenya ina mikataba ya kuzuia kodi mara mbili na nchi kama Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Kanada, India, Afrika Kusini na Falme za Kiarabu. Mkataba wa Uingereza haupunguzi gawio chini ya 15, lakini hushusha ada ya usimamizi hadi asilimia 12.5. Wa India huweka gawio asilimia 10. Italia, pamoja na Waitaliano wote walioko Pwani yetu, haina mkataba unaotumika. Mpokeaji alete cheti cha ukaazi wa kodi kutoka kwao kabla ya malipo. Kufungua kampuni Dubai kwa ajili ya mkataba tu hakusaidii: nusu au zaidi ya umiliki halisi wa kampuni hiyo ikiwa ya watu wasioishi katika nchi hiyo, nafuu inakataliwa.

Zuio lolote hupelekwa KRA ndani ya siku 5 za kazi baada ya kukatwa. Si tarehe 20, kama wengi walivyozoea zamani.

Mgeni asiye mkaazi anayepangisha nyumba kwa jina lake hukatwa asilimia 30 ya pango lote, bila kutoa matengenezo wala riba ya benki. Kampuni hulipa 30 ya faida baada ya matumizi. Kwa jengo lenye gharama kubwa, tofauti hiyo peke yake inatosha kuamua.

7. Tawi, na Dongo Kundu

Kampuni ya nje inaweza kusajili tawi badala ya kampuni mpya, ikiwa na mwakilishi anayeishi Kenya. Tangu Januari 2024 tawi hulipa asilimia 30, pamoja na 15 ya mapato yanayohesabiwa kuwa yamerudishwa nje. Kwa mwenyehisa Mtanzania tawi ni ghali kuliko kampuni. Kwa wengine hesabu hukaribiana, lakini tawi huwaacha wenye kampuni mama wakibeba madeni ya hapa.

Mwenye kiwanda au ghala la kusafirisha nje atazame eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu. Kampuni yenye leseni ya eneo hilo hulipa asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza, kisha 15 kwa 10 inayofuata. Leseni huombwa kwa kampuni iliyosajiliwa kwa kazi hiyo peke yake. Usiichanganye na duka lako la Digo Road.

8. Mwenyehisa akitoka

Uhamisho wa hisa hulipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, na muuzaji hudaiwa asilimia 15 ya faida ya mauzo. Bei isiwe shilingi 1 kwa ajili ya udugu, kwani ushuru hutazama thamani. Mgeni wa mwisho akitoka na hisa zote zikawa za raia, kampuni inarudi kuwa raia kwa ununuzi wa ardhi wa baadaye. Ardhi iliyonunuliwa kwa lisi inabaki lisi.

Siku ya uhamisho, badilisha mambo manne kwa pamoja: daftari la wenyehisa, BOF1, wakurugenzi kwenye iTax (mfumo wa kodi wa KRA), na watia sahihi wa benki. Kisha toa CR12 mpya na umpe nakala aliyeondoka.